Hemu Iliyobaki Ndiyo Chumvi ya Viazi vya Kuoka

Tarehe 26 Desemba, miaka kadhaa iliyopita, niliwaandalia wageni tisa nyumbani kwangu Ntinda, Kampala, sinia la viazi vya kuoka lililopendeza macho. Jibini ilikuwa imeiva juu ikawa rangi ya dhahabu, maziwa mazito yanatokota pembeni, harufu ya hemu imejaa sebule nzima. Walipoonja, mikono ikaanza kwenda kwenye bilauri za maji. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kabale ambaye viazi amevila tangu utotoni, alimaliza sahani yake kwa heshima, kisha akaomba ndizi mbivu. Chakula kilikuwa na chumvi ya kuwasha ulimi.

Usiku ule nilikaa jikoni nikaihesabu ile chumvi ilikotoka. Viazi nilivichemsha kwa maji ya chumvi, kama nilivyofundishwa. Kwenye mchuzi wa maziwa nikatia kijiko kingine. Jibini ina chumvi yake tayari, na siagi niliyotumia pia ilikuwa ya chumvi. Halafu ndiyo ikaja hemu yenyewe, paja la nguruwe ambalo hulazwa kwenye chumvi siku nyingi kabla ya kupikwa au kufukizwa moshi, nami nikaitia zaidi ya nusu kilo kana kwamba ni nyama mbichi kutoka buchani. Chumvi imeingia mara tano kwenye chungu kimoja!

Tangu siku hiyo napika chakula hiki kwa kanuni moja, na ndiyo inayonifanya niandike leo: katika viazi vya maziwa, hemu ihesabu kuwa chumvi, usiihesabu kuwa nyama. Watu wa Uswidi wanalijua jambo hili kwa njia yao. Wana chakula cha Krismasi kiitwacho Janssons frestelse, viazi vilivyokatwa vijiti vyembamba na kuokwa ndani ya krimu pamoja na visamaki vidogo vilivyolazwa kwenye chumvi na viungo. Kazi ya kukoleza wamewaachia wale samaki.

Kwa hiyo kabla sijamenya kiazi hata kimoja, naionja hemu. Nakata kipande kidogo, nakikaanga kwenye kikaango kikavu dakika moja tu, kisha nakila pamoja na tonge la kiazi cha kuchemsha kisicho na chumvi. Kikikolea vizuri pamoja na kiazi, basi hemu hiyo itatosha na sitatia chumvi popote. Ikinizidi ulimi, naikata yote vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, namimina maji ya moto juu yake, naiacha dakika kumi, namwaga maji na kuikausha kwa kitambaa safi. Usiiache kwenye maji muda mrefu. Itabaki nyuzi zisizo na ladha. Kwa viazi kilo moja na nusu, gramu 300 za hemu zinatosha kabisa. Najua mkono utakuvuta uongeze. Zuia mkono.

Neno moja kuhusu hemu yenyewe, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Supamaketi za Kampala wakati wa Krismasi huuza paja lililokwisha kupikwa, na huuza pia paja lililotiwa chumvi lakini bado bichi. Hilo bichi lazima lichemshwe au liokwe mpaka liive ndiyo liwe hemu ya kula. Soma karatasi yake au muulize muuzaji. Soseji na poloni si mbadala mzuri, huachia maji na kuuchafua mchuzi. Muchomo wa nguruwe uliobaki kutoka kwa wachomaji wetu unaweza kutumika, lakini kumbuka ile si nyama iliyolazwa kwenye chumvi: hapo itabidi ukoleze mwenyewe, na uondoe mafuta ya ziada.

Na uitunze. Hemu iliyopikwa hukaa friji siku tatu hadi nne, si wiki nzima. Isikae mezani zaidi ya saa mbili wakati wageni wanazungumza. Mimi siku hiyo hiyo ya Krismasi jioni naigawa katika mifuko ya gramu 300, mmoja naubakiza friji, mingine inaingia kwenye friza na naitumia ndani ya mwezi mmoja au miwili. Mwaka mmoja umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka usiku na nilikuwa nimeifungua friji kila dakika kumi kutafuta soda za watoto. Hemu yote niliitupa, na iliniuma. Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kama saa nne hivi. Umeme ukiondoka, iache imefungwa.

Sasa viazi. Nilikulia Jinja, katika familia ya mwanajeshi, na kwetu kiazi kilikuwa kiazi tu. Mama mkwe ndiye aliyenifumbua macho. Milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, huko Kabale iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya viazi tunavyokula Kampala, na watu wa huko hawakuulizi kama una viazi, wanakuuliza una viazi gani. Kinigi, mbegu iliyotoka upande wa Rwanda, ni kizito na kina unga mwingi. Ndicho wanachokipenda wakaanga chipsi. Victoria, chenye ganda jekundu, kwangu kina maji zaidi na hushika umbo lake kikipikwa. Kwa chakula hiki nachagua Kinigi nikikipata katika soko la Nakawa au la Kalerwe, kwa sababu ule unga wake ndio unaoupa mchuzi uzito. Nikipata Victoria peke yake, sikati tamaa, napunguza maziwa kidogo.

Viazi vyenye ukijani usivinunue, hata kwa bei ya chini. Vimekaa juani, labda kando ya barabara au juu ya meza ya muuzaji, na ukijani huo ni dalili kwamba sumu ya asili ya kiazi imeongezeka. Doa dogo unaweza kulikata kwa kina na kutumia kilichobaki. Kiazi kilichokolea ukijani na uchungu kitupe. Nyumbani viweke gizani, kwenye gunia au boksi, visikae karibu na dirisha.

Nakata slesi za unene wa milimita tatu au nne, zisizidi. Na hapa mama mkwe alinizuia mkono: usivioshe baada ya kukata. Osha kiazi kizima, menya, osha tena, kisha kata na uache hivyo hivyo. Ule utelezi mweupe unaobaki kwenye kisu ni wanga wa kiazi, na ukiumwaga kwenye sinki umemwaga nusu ya uzito wa mchuzi wako. Wengi wanalalamika kwamba viazi vyao vya kuoka vinakuwa majimaji, na mara nyingi chanzo ni hapo kwenye beseni la maji.

Badala ya kuvichemsha kwenye maji nikayamwaga, navichemsha ndani ya maziwa yale yale nitakayofanyia mchuzi. Mililita 800 za maziwa freshi kwenye sufuria pana, majani mawili ya kiungo kiitwacho bay leaf, pilipili manga, na kungumanga iliyoparuzwa kidogo tu. Maziwa yakianza kuchemka natia slesi, napunguza moto, nageuza taratibu kwa dakika saba au nane, nisije nikazivunja. Zikianza kulainika kwa nje lakini bado ngumu kati, nazitoa kwa kijiko chenye matundu. Maziwa yanayobaki tayari yamekuwa mazito kwa wanga. Usitie limau wala nyanya humo. Uchachu huyakata maziwa, na vilevile huvifanya viazi vibaki vigumu hata ukivipika saa nzima.

Mchuzi ndio unaowaogopesha watu, na hauna ugumu wowote ukifuata utaratibu. Yeyusha gramu 50 za siagi isiyo na chumvi kwa moto mdogo. Kaanga ndani yake vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba, viwe laini bila kubadilika rangi, kisha punje tatu za kitunguu saumu. Nyunyiza vijiko sita vya chakula vya unga wa ngano, vilivyosawazishwa. Koroga dakika mbili, ili ule ubichi wa unga uondoke. Sasa yarudishe yale maziwa ya moto kidogo kidogo: upawa mmoja, koroga mpaka mabonge yaishe, upawa wa pili, koroga tena. Mtu akimimina yote kwa mkupuo, anapata uji wenye madonge na kuanza kulaumu unga. Ukiwa mzito kupita kiasi, ongeza maziwa. Uwe kama uji wa mtoto, unaotiririka kutoka kwenye mwiko kwa ulegevu.

Ule unga si wa kuongeza uzito tu. Maziwa na krimu vikikutana na chumvi ya hemu na moto wa oveni, vinaweza kukatika vikawa punje na maji. Wanga unayalinda maziwa yasikatike hivyo. Ndiyo maana sioni haja ya kununua pakiti ya krimu ya bei kubwa. Mimi nachemsha maziwa ya lita mbili jioni, nayaacha yapoe, nayaweka friji, na asubuhi nakusanya utando mzito ulioganda juu. Utando huo naukoroga ndani ya mchuzi mwishoni. Ladha yake ni ya maziwa hasa, kama ya mtu aliyekulia karibu na ng'ombe.

Epua mchuzi kwanza, ndipo utie jibini. Gramu 150 za gouda inayotengenezwa hapa hapa Uganda zinatosha, nusu ndani na nusu juu. Jibini ikichemkia motoni hutoa mafuta na kuvutika kama mpira. Hapo sasa onja, kipande cha hemu na mchuzi kwa pamoja kwenye kijiko kimoja, na uamue kama chumvi inahitajika. Katika mara zote nilizopika, nimeongeza mara mbili tu.

Paka sinia siagi, panga viazi tabaka, hemu, mchuzi, tena viazi, na umalize kwa mchuzi na jibini. Funika kwa karatasi ya foili, oka kwa nyuzi joto 180 dakika 30, funua, oka nyingine 20 hadi 25 mpaka kisu kipite bila kukwama.

Asiye na oveni ana sigiri, na mimi nimekipikia kwenye sigiri miaka mingi. Chukua sufuria nzito kubwa, tandaza mchanga safi mkavu chini, upashe moto, kisha weka ndani sufuria ndogo yenye viazi. Funika kwa mfuniko bapa na upalie makaa juu. Makaa machache chini, mengi juu, maana unataka juu paive rangi na chini pasiungue. Hesabu kama dakika 50, ukiongeza makaa mapya juu mara moja. Ukoko wa pembeni unaotoka humo oveni haijawahi kunipa.

Ukikitoa, kiache dakika 15. Najua wageni wana njaa. Mchuzi wa moto sana ni mwepesi, na ukipoa kidogo unajikamata, na kipande kinakaa kwenye sahani bila kumwagika.

Jirani yangu ni mama wa Kinubi kutoka Bombo, Mwislamu, na alikuwa akisikia harufu kila Desemba bila kuweza kuja kuonja. Mwaka juzi nilimwambia, "Hajati, nitakuja kupika kwako, kwa sufuria zako na kisu chako." Nilimpikia kwa samaki wa moshi, sangara ambaye hapa tunamwita mputa, aliyechambuliwa miiba kwa subira. Hapo kanuni yangu iligeuka: samaki yule alikuwa amefukizwa moshi bila chumvi, kwa hiyo chumvi niliitia mwenyewe, kijiko kimoja cha chai, tena kwenye maziwa ya kuchemshia viazi ili ipenye ndani. Alinifungia sahani moja nikala nyumbani. Watoto wake sasa wanakipika bila mimi. Mwenye familia au majirani wasiokula nguruwe, wakiwamo Waadventista, asiwatengee tu pembe ya sinia lenye hemu. Awapikie chao, kwa vyombo vyao.

Mfupa wa hemu, kama ulinunua yenye mfupa, usiutupe. Loweka maharage ya aina ya nambale usiku kucha, uyachemshe nao kwa moto mdogo mpaka yalainike, vitunguu na karoti vikifuata mwishoni. Chumvi usiiguse mpaka umeonja mchuzi wa maharage hayo.