Mkakati wa Usalama Usomwe Mwaloni Kabla ya Kutiwa Saini

Kwa miaka 12 nilikuwa mtendaji wa kata katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, na katika muda huo nyaraka nyingi za usalama zilipita mezani kwangu zikishuka kwa wananchi. Hoja za wananchi zilizopanda juu zilikuwa za kuhesabu. Ninawaandikia ninyi vijana mnaopewa kazi ya kuandaa rasimu za mikakati ya usalama, kwa sababu kosa nitakalolisimulia nililitenda mwenyewe.

Uliletwa waraka uliotaka wananchi watoe taarifa za "wageni wasiofahamika". Niliusoma neno kwa neno, nikiwa nimesimama mwaloni, ufukweni wavuvi wanapopakulia samaki, kando ya vichanja vya dagaa, na mkutano mzima ukanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu hakuinua hata kichwa. "Mtendaji," akasema, "mgeni wangu nimshtaki kwako, kakosa nini?" Waha na Warundi husikilizana lugha na wana wajomba na mashemeji pande zote mbili za mpaka, na Wakongo huvuka ziwa kuja kufanya biashara, kwa watu hao mgeni ni wa kusongewa ugali na kuwekewa migebuka. Mwandishi wa waraka alikusudia watu wenye silaha wanaovuka kwa siri, jambo ambalo wavuvi wale wale walitamani likomeshwe, maana injini zao ndizo zilizokuwa zikiporwa usiku. Kwa miezi kadhaa hatukupata taarifa hata moja.

Ndiyo maana ninashauri maneno ya mkakati yajaribiwe kwa watu watakaoutekeleza wakati bado ni rasimu, kwa kuwa baada ya saini hakuna ofisa atakayethubutu kubadili neno. Njia ya kupitishia maoni haihitaji kubuniwa: Sheria ya Baraza la Usalama la Taifa ya mwaka 2010 inazitambua kamati za usalama za mikoa na wilaya, nazo zinaweza kupokea kutoka chini kama zinavyoshusha kutoka juu.

Mtaambiwa kwamba mambo ya usalama ni siri. Yapo yaliyo siri kweli, kama ratiba za doria na majina ya watoa habari, na hayo yabaki yalipo. Lakini nchini Marekani sheria ya mwaka 1986 inamtaka rais awasilishe mkakati wa usalama wa taifa mbele ya Bunge, nao huchapishwa, ingawa marais wamekuwa wakiuchelewesha. Na Kenya, kwa ibara ya 240 ya Katiba yake ya mwaka 2010, Baraza la Usalama wa Taifa hutakiwa kutoa taarifa kwa Bunge kila mwaka. Sioni siri iliyouzwa hapo.

Jingine ni kuwauliza watu wanaogopa nini kabla ya kuwaambia waogope nini. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, mpakani, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, kipindupindu kilizuka na kuua watu. Tangu hapo, ukitaja usalama wa mpaka huku kwetu, utaulizwa habari za vyoo na maji safi, na mkakati usiogusa hayo huonekana umeandikiwa nchi nyingine.

Tarehe ya mkutano nayo ichaguliwe kwa kutazama mwezi, si kalenda ya ofisi. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, kwa hiyo usiku wa giza wako ziwani na mchana wamelala. Wakati wa mbalamwezi ndipo mtawakuta. Mkutano wetu wa pili tuliuitisha mbalamwezi, na badala ya "wageni" tukasema "chombo kinachotia nanga usiku nje ya mwalo". Yule mzee hakuusubiri mkutano uishe: aliuweka wavu chini, akanivuta pembeni na kunionyesha kwa kidole ghuba mbili.