Ukitaka Kuwajua Monty Python, Usianzie Mwanzo

Kila nikiwasifia Monty Python, lile kundi la Uingereza la wachekeshaji sita, mbele ya watu, naulizwa swali lilelile: nianzie wapi? Na wengi wanaouliza wameshajaribu. Walifungua kipindi cha kwanza kabisa, kile BBC ilichokirusha Oktoba 5, 1969, wakaona picha zinaruka huku na kule, mguu mkubwa unashuka kutoka juu na kukanyaga kila kitu, wakafunga. Siwalaumu. Nami kipindi hicho nakipenda, lakini mgeni simwekei.

Mgeni namwanzishia ofisini. Kuna kipande chao cha mwaka 1970, The Ministry of Silly Walks, kuhusu wizara ya serikali inayoshughulikia miondoko ya kipuuzi. John Cleese, njemba mrefu kama mlingoti, anakwenda kazini na suti yake, kofia nyeusi na mkoba, huku miguu anairusha hadi usawa wa kifua. Ofisini anamkuta Michael Palin amekaa anamsubiri, mwananchi wa kawaida aliyekuja kuomba ruzuku ya kuendeleza mwendo wake. Anaambiwa auonyeshe. Anatembea. Afisa anamtazama kwa makini, kisha anamweleza kwa upole kwamba mguu wa kulia hauna upuuzi wowote, na wa kushoto unajipinda kidogo tu kila baada ya hatua moja. Halafu anaanza kulalamikia bajeti: Ulinzi, Afya, Elimu na Miondoko ya Kipuuzi zilitakiwa kupata fungu sawa, na hazikupata.

Nilimwekea shemeji yangu, mtu aliyezeekea masjala. Ile miguu haikumtingisha. Ilipofika habari ya bajeti alishika mbavu, akaniomba nirudishe nyuma aisikie tena.

Kwa hiyo miguu waachie watoto, wewe angalia nyuso. Kwa Python hakuna anayejua kwamba anachekesha. Kila mtu yuko kazini na analinda kitengo chake. Ukilishika hilo, kile kipande cha kasuku kilichowapa umaarufu duniani kitakufungukia chenyewe. Mteja anarudisha kasuku aliyekufa, mwenye duka anasema amepumzika tu. Mteja anampigiza kasuku kwenye kaunta, mwenye duka anasema sasa umemzimisha, ndiyo kwanza alikuwa anaamka. Ikigundulika kwamba ndege alikuwa amesimama kwa sababu miguu yake imepigiliwa misumari kwenye kijiti, mwenye duka ana maelezo ya hilo pia. Wazo lilizaliwa na kisa cha Palin na fundi wa gari ambaye kila akipelekewa hitilafu alisema ni kawaida. Nani hajakutana na fundi huyo?

Halafu usisubiri mwisho wa kichekesho. Vichekesho tulivyolelewa navyo vina mzigo unaopakuliwa mwishoni, ndipo watu wanacheka. Hawa waliuchoka utaratibu huo. Graham Chapman anaweza kuingia amevaa sare ya kanali, akaamuru kipande kikatizwe kwa kuwa kimezidi upuuzi, na kikakatizwa kweli. Pengine vipande vinaunganishwa na katuni za Terry Gilliam, Mmarekani pekee kati ya wale sita, aliyekata picha za kale kwa mkasi na kuzifanya zitembee. Ule mguu mkubwa aliutoa kwenye mchoro wa Bronzino, Mwitaliano wa karne ya 16, ambao uko National Gallery, London. Ukilijua hilo, mguu huo haukuudhi tena.

Lugha nayo ni kikwazo. Wanaongea haraka, kwa lafudhi za kila namna, kwa hiyo washa maandishi ya chini bila aibu. Vipande vingi viko kwenye chaneli yao wenyewe ya YouTube tangu 2008, huna haja ya kwenda kwa wezi.

Kwa mtu wa Pwani filamu ya kuanzia ni Monty Python and the Holy Grail ya 1975. Fedha zilitoka kwa watu wa muziki, wakiwemo Pink Floyd na Led Zeppelin, lakini hazikutosha farasi. Basi Mfalme Arthur anatembea kwa miguu kama amepanda farasi, na nyuma yake mtumishi anagonganisha vifuu viwili vya nazi ili isikike kwato. Wangeweza kuishia hapo. Badala yake askari wa ngomeni anauliza nazi zimefikaje Uingereza, na mjadala unahamia kwenye mbayuwayu: anaweza kubeba nazi? Yupi, wa Ulaya au wa Afrika? Arthur anatafuta mashujaa wa kujiunga naye, hapewi nafasi.

Life of Brian ya 1979 inataka busara. Usiiweke sebuleni ghafla mbele ya mama mkwe anayeimba kwaya. Kampuni iliyokuwa imeahidi kuigharamia ilijitoa baada ya kuisoma, ikabidi George Harrison wa bendi ya Beatles aweke nyumba yake rehani, na Ireland na Norway ziliipiga marufuku. Mimi ni mtu wa kanisani na naiona mara kwa mara. Yesu anaonekana humo akihubiri mlimani, na hafanyiwi mzaha. Wanaofanyiwa ni watu walio nyuma kabisa ya umati, wasiosikia vizuri, wakaanza kutafsiriana maneno ambayo hayakusemwa. Brian ni jirani tu aliyezaliwa zizi la pili.

Na kile kikundi cha ukombozi kinachowachukia Warumi, lakini kinakichukia zaidi kikundi kingine chenye karibu jina lilelile! Aliyewahi kukaa kikao cha serikali ya wanafunzi chuoni atawatambua wote.

Si kila kitu chao kimezeeka vizuri. Wanawake wengi humo ni wanaume waliovaa magauni, na Carol Cleveland, aliyekuwa mcheshi wa kweli, mara nyingi alipewa kazi ya kupendeza tu. Zipo pia nyuso zilizopakwa rangi ili zifanane na watu wa mbali. Vipande hivyo mimi naviruka, hupotezi kitu.

Filamu ya mwisho, The Meaning of Life ya 1983, iache mpaka umewazoea. Ina bwana mmoja mnene mgahawani, anachezwa na Terry Jones, aliyekula orodha nzima ya vyakula na sasa anashawishiwa amalizie na kipande kimoja chembamba cha peremende. Wali wako maliza kwanza, na sahani uirudishe jikoni.