Mfundishe mtoto kuhusu popo kabla hajafundishwa kumrushia jiwe

Kama unalea au unafundisha watoto wadogo hapa Uganda, usingoje wakuulize kuhusu popo. Wakifika miaka mitano huwa wameshaambiwa kwamba popo ni ndege wa wachawi, ni kipofu, tena anakunya kwa mdomo. Nafundisha chekechea hapa Bombo, na maneno hayo huyakuta yameshaota mizizi. Mtoto aliyefundishwa kuogopa tu hatulii, hutafuta jiwe. Na popo aliyeangushwa kwa jiwe ndiye anayeuma.

Mimi huanza na mkono. Kila mtoto anaweka kiganja juu ya karatasi, anachora kukizunguka, halafu anarefusha vidole vinne mpaka ukingoni, kidole gumba kikibaki kifupi. Kisha tunachora ngozi kati ya vidole, kama kitambaa cha mwavuli kwenye njiti zake. Bawa la popo ni mkono! Wakishaliona hilo, mengine hayana ubishi: huyu si ndege, hatagi yai, anazaa, mara nyingi mtoto mmoja, na anamnyonyesha. Watoto wangu hupenda kuliko yote habari ya mama anayeruka huku mtoto amemng'ang'ania kifuani.

Swali la kinyesi litakuja, usilikwepe. Popo haning'inii kwa nguvu. Uzito wake mwenyewe hukaza kano za miguu, na kucha zikashika. Akitaka kujisaidia, popo wengi hujigeuza, wakajishika kwa vidole gumba, kichwa kikawa juu. Waache waigize. Watacheka, na hawatasahau.

Kuhusu upofu, tega kitendawili: popo mbili zavuka mto. Watapiga kelele, "Macho!" Basi waulize, na popo mwenyewe je? Anayo, tena yule wa matunda ana makubwa, na hutegemea macho na pua kupata embe bivu usiku. Wale wadogo wanaokula wadudu hutoa sauti ambazo sisi hatuzisikii, wakasikiliza mwangwi wake. Wachezeshe kwenye nyasi: mmoja amefungwa kitambaa machoni anaita "popo!", wenzake wanajibu "nondo!", naye anawafuata kwa sikio.

Saa moja kasoro jioni toka nao uani mtazame angani. Ila asubuhi yake ndiyo darasa zuri zaidi, chini ya mwembe. Popo hutafuna embe, akameza maji yake, akatema nyuzi. Utayakuta makapi hayo yamebanwa bapa, yamekauka, yametapakaa hata kwenye majani ya migomba. Onyesha kwa kijiti, si kwa kidole. Pembeni hapo hapakosi embe lenye alama za meno, na hapa sina mchezo: halikatwi upande, haliliwi, hata likioshwa.

Ukiwa na dawati au mlango wa mvule, wagusishe. Popo wakubwa wa rangi ya majani makavu hula matunda ya mti huo, wakaenda kudondosha mbegu mbali na mti mama. Watoto wanaelewa haraka kwamba mgeni huyo wa usiku ana kazi yake.

Kanuni ya usalama iwe fupi, waiimbe kila siku: tunamtazama, hatumgusi, tunamwita mkubwa. Ni kwa popo hai na aliyekufa, na zaidi kwa yule aliye chini mchana, maana huenda anaumwa. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha halionekani vizuri.

Wazazi nawaeleza zaidi. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, walipata homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi. Mwaka 2008 waliugua watalii wawili waliokuwa wameingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, na mmoja wao, Mholanzi, alifariki. Virusi hivyo vimekutwa kwa popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Mtoto mdogo hahitaji habari za vifo. Mwambie tu kwamba hatuingii mapangoni wala kwenye migodi, basi.

Mzazi akilalamika kwamba mnafundisha uchawi, mwalike jioni ile ile ya kutazama angani, akae na mwanawe. Na kama popo wako darini kwenu, msiwafukize moshi. Ngojeni mpaka watoto wao waweze kuruka, wote wakishatoka jioni fundi azibe mianya, na kinyesi kinyunyiziwe maji kabla mtu mzima aliyevaa barakoa na glavu hajakizoa, watoto wakiwa mbali.