Usikimbilie unga wa bakteria

Pole na hongera kwa kufika hapo, dada. Umeuliza kama mwanao wa miezi minne, aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, umpe unga wa bakteria wazuri ili ubongo wake ukue vizuri. Usimpe kabla daktari wake wa moyo hajakubali.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Moyo wenye hitilafu unaweza kuunyima utumbo damu na oksijeni ya kutosha. Ongeza antibayotiki na siku za kukaa bila kunyonya, bakteria wa tumboni wanavurugika. Baadhi yao huvunja sukari za maziwa ya mama ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, wakatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Ila kutoka hapo hadi kwenye ubongo, ushahidi mwingi ni wa panya.

Na wale wa kwenye unga ni bakteria hai. Mtoto mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wanaweza kumwingia kwenye damu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti bidhaa hizi, baada ya mmoja kufariki. Wako si njiti, najua, lakini hata hivyo.

Kama maziwa yanatoka, endelea, hata ya kukamua yakipitia mpira wa puani. Kliniki usiulizie uzito tu (wengi tunaishia hapo). Omba apimwe maendeleo pia: anakaza shingo? Anafuata uso wako kwa macho? Akionekana kuchelewa, mazoezi yaanze mapema.