Maswali yenu: kwale, fezanti na bata wageni wa Hawaii

Safari hii nimechukua maswali matatu, yote ya ndege waliopelekwa Hawaii na binadamu. Nimeyafupisha kidogo tu.

Swali: Nimeona video ya ndege kama kwale wa huku kwetu anakatiza barabara Hawaii. Alifikaje kule katikati ya bahari?

Jibu: Ni kwale kweli, na kwao ni Afrika. Yule mkubwa mwenye utosi wa kahawia anaitwa kwale wa Erckel, asili yake Ethiopia, Eritrea na Sudan, na alipelekwa makusudi kabisa miaka ya 1950 ili wawindaji wapate cha kuwinda. Hawaii haikuwa na ndege wa asili wa jamii ya kuku hata mmoja, kwahiyo ukiona kwale, tombo, fezanti (ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu) au bata mzinga kule jua kaletwa. Kuku ndio walitangulia, walikuja na Wapolinesia kwenye mitumbwi yao, halafu karne ya 19 zikaja meli na tombo wa California na fezanti, halafu karne ya 20 watu wakazidi kuongeza tu. Fezanti anayeitwa kaliji, ambaye kwao ni milima ya Himalaya, aliachiwa mwaka 1962 kwenye ranchi ya Puʻu Waʻawaʻa kisiwa kikubwa cha Hawaii, na haikufika hata miaka 20 akawa ameshaenea karibu kisiwa chote.

Swali: Si wawaondoe wote basi? Nasikia ndege wa asili wa Hawaii wameisha kwa sababu ya wageni.

Jibu: Hapa naomba tuwe makini maana wageni hawafanani. Waliomaliza ndege wa asili ni panya, paka, nguchiro walioletwa mwaka 1883 eti wawale panya wa mashamba ya miwa, na mbu aliyeingia mwaka 1826 ambaye baadaye akawa anasambaza malaria ya ndege. Kwale na fezanti huwezi kuwaweka kundi hilo moja kwa moja. Kumbuka zamani kulikuwa na bata wakubwa wasioruka, moa-nalo, walikuwa wanatembea chini wanakula majani, wakaisha baada ya watu kufika, na ndege wengine wengi wa kula matunda nao wamepotea au wamebaki wachache sana. Sasa nani atabeba mbegu? Utafiti uliofanywa juu mlimani Haleakalā, kisiwa cha Maui, ulikuta fezanti na kwale aina ya chukari wanakula matunda ya vichaka vya asili na kwenda kuzidondosha mbegu kwingine, yaani kazi iliyokosa mwenyewe wao wanaifanya kiasi fulani. Mimi nikisoma hivyo siwezi kusema waondolewe wote kesho asubuhi. Ila sio kwamba hawana lawama, kaliji anakula sana matunda ya banana poka, mmea mgeni unaotambaa juu ya miti mpaka unaifunika, na huyo naye anasambazwa hivyohivyo kwenye kinyesi. Kwahiyo inategemea ni ndege gani na msitu gani.

Swali: Ndugu yangu anaishi Hawaii, kisiwa cha Oʻahu, ana bata wawili aina ya mallard, dume lina kichwa cha kijani. Amechoka kuwafuga anataka kuwaachia bwawani. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, tena mkubwa, mwambie asifanye hivyo kabisa! Kati ya ndege wote niliowataja leo huyu ndiye ananitia wasiwasi kuliko wote, na watu hawamuogopi kwa sababu ni mpole, anaogelea tu, watoto wanamrushia mkate. Hawaii ina bata wake, koloa, hapatikani kwingine kokote duniani, dume na jike wote rangi ya kahawia kama jike la mallard. Hao wawili ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wakikutana wanazaana, na vifaranga chotara nao wanazaa vizuri tu, kwahiyo koloa haliwi na mtu, anamezwa polepole ndani ya chotara. Oʻahu kwenyewe bata wengi wanaofanana na koloa tayari ni chotara, na kuwatambua kwa macho ni kazi mpaka wapimwe vinasaba. Koloa halisi wengi wamebaki kisiwa cha Kauaʻi, na huko nako ugonjwa wa botulizimu, unaotokana na sumu ya bakteria, umeua bata wengi kwenye maeneo oevu ya Hanalei.

Na asidhani wakizidi wawindaji watawapunguza, kwa sababu Hawaii haina msimu wa kuwinda bata kama majimbo mengine ya Marekani, msimu uliopo ni wa hao kina kwale na fezanti, kuanzia Novemba mpaka Januari. Bata wawili tu dume na jike wanaweza kutoa vifaranga wengi kwa mwaka, na bata anaruka, leo yuko bwawa hili kesho lile. Awabakize kwenye uzio wenye wavu juu, au atafute mtu mwingine anayefuga kwa kufungia, na kama hapati apige simu idara ya wanyamapori ya jimbo awaeleze ukweli, watamwambia pa kuwapeleka.