Albamu niliyoijua kwa mpangilio wa alfabeti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni albamu gani ya roki ya indie (ile iliyoanzia kwa makundi yaliyojitegemea, nje ya kampuni kubwa za muziki) tunayoisikiliza tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka hata mmoja. Yangu ni Funeral ya Arcade Fire, kundi la Montreal, Kanada, iliyotoka Septemba 2004. Ila afadhali niseme mapema: kwa karibu miaka minne sikuujua wimbo wake wa kwanza ni upi.

Niliinunua Mwembe Tayari, hapa Mombasa, mwaka 2007, kwa kijana aliyekuwa akichoma nyimbo kwenye CD. Sahani nyeupe, imeandikwa ROCK 3 kwa kalamu ya wino mnene, ndani mna albamu tano. Nyimbo hazikuwa na nambari, na deki yetu ya nyumbani ilizipanga kwa alfabeti. Nikaamini huo ndio mpango wa wenyewe. Funeral yangu ilianza na Crown of Love, ikaja Haiti, ikaja In the Backseat, halafu zile Neighborhood nne zikajipanga moja hadi nne kama watoto wa chuoni, na mwisho kabisa Wake Up.

Wake Up ndiyo ile ambayo kundi zima linapaza sauti bila maneno, kama uwanja wa mpira baada ya goli, kisha mwishoni ngoma zinageuka ghafla unajikuta wacheza. Kufunga nayo! Nikasema hawa watu wana akili.

Mwaka 2011 mtoto wa mamangu mdogo alikuja likizo kutoka Toronto na CD halisi, nikasoma nyuma ya jalada. Inaanza na Tunnels, ile Neighborhood ya kwanza. Wake Up ni ya saba. In the Backseat, niliyokuwa nikiihesabu ya tatu, ni ya kumi, ndiyo ya kufungia. Nilikuwa kama aliyeingia msikitini akajiunga na jamaa akidhani ni rakaa ya kwanza, kumbe wenzake wako ya tatu. Mungu anisamehe kwa mfano huo.

Usiku ule niliisikiliza kwa mpango wake, na ilikuwa albamu nyingine. Tunnels yasimulia theluji imefunika mtaa, na kijana anataka kuchimba njia kutoka dirisha lake hadi dirisha la mpenziwe. Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, ambako dirisha letu na la jirani yametazamana, na mwezi wa Ramadhani sahani ya kaimati hupitishwa juu ya uchochoro bila mtu kushuka ngazi. Hapa theluji hatuijui, wala hakuna haja ya kuchimba. Lakini mapenzi ya dirisha kwa dirisha, hayo twayajua sana. Ndipo nikaelewa kwa nini lazima huo uwe mlango wa kuingilia: wakupa mtaa kwanza, watu wafe baadaye. Na Power Out, ile Neighborhood ya tatu, iliyotokana na ile dhoruba ya barafu iliyoiacha Montreal gizani Januari 1998, yaja baada ya wimbo mpole wa nusu Kifaransa na kukushtua kama stima inavyokatika kweli, bila taarifa. Kwenye alfabeti yangu ilikuwa imebanwa katikati ya ndugu zake, haimshtui mtu.

Jina la albamu si madoido. Walipokuwa wakiitengeneza, katika muda usiofika mwaka, Régine Chassagne, mwimbaji wa kundi, alifiwa na nyanyake, Win Butler, mwimbaji mwenzake, akafiwa na babu yake Alvino Rey, aliyekuwa mpiga gita la umeme mashuhuri wa zama zake, na Richard Parry, mwanakundi mwingine, akafiwa na shangazi. Mamangu alipoliona lile jalada akauliza maana. Nikamwambia, maziko. "Nani tena kafa?" Hakuna mama, ni jina la muziki. "Yakhe, mwaweka maziko sebuleni na watu wazima wapo!" Likaenda kukaa chini ya kitanda changu.

Najua kuna watakaotaja Is This It ya The Strokes, ya 2001. Nyimbo 11, dakika kama 36, na ni kweli hakuna mbovu. Lakini hata ukizichanganya hakiharibiki kitu. Ni viazi karai: cha kwanza na cha kumi ladha ni moja, na hakuna anayelalamika. In Rainbows ya Radiohead naipenda karibu sawa na hii. Oktoba 2007 waliiweka kwenye intaneti wakasema lipa utakacho. Nililipa sifuri, ila wakati huo mkongo wa intaneti wa baharini ulikuwa bado haujafika Mombasa, na mwenye saiba alinitoza kila dakika iliyopita nikiisubiri ishuke. Bado naona nimeilipia, japo kwa mtu asiyehusika. Vampire Weekend nao walipokuja mwaka 2008 na gita la kwassa kwassa la Kikongo, wenzetu wa ng'ambo waliona jambo jipya. Sisi tuliokua na Wakongo kwenye matatu tulitabasamu tu. Anayetaka mseto huo uliopikwa na wenyewe atafute Extra Golden, Wamarekani na Wakenya waliokaa pamoja wakapiga benga na roki. Hilo nalo ni swali la wiki nyingine.

Nirudi kwenye ule wimbo wa kufungia. Anaimba Régine: anapenda kukaa kiti cha nyuma, atazame nje, asiendeshe wala asiseme. Tulipokuwa wadogo tulibanana watano nyuma ya Peugeot 504 ya ami kwenda Malindi, na mimi nilikuwa wa dirishani. Mwaka 2013 macho ya ami yalianza kukataa usiku. Tulipofika Kilifi magharibi imeingia, akasimamisha gari kando, akanipa ufunguo bila kusema neno, akafungua mlango wa nyuma akaketi. Vinanda vya mwisho vya wimbo ule hufifia taratibu sana, na hadi leo vikifika hapo namwona kwenye kioo, amegeuza uso dirishani.

ROCK 3 ingali chini ya kitanda. Imechubuka, inakwama Haiti. Na nikiwa na wageni wa kuchangamsha, Mhariri, bado naweka Wake Up mwisho.