Fyuzi ya maikrowevu inaungua kila nikifungua mlango

Swali: Fundi, jambo. Nakuandikia kutoka Bagira, hapa Bukavu. Maikrowevu yangu, iliyotoka Bulaya, ilizima ghafla nilipokuwa napasha sombe: taa hakuna, saa hakuna, sahani haizunguki. Kijana wa mtaani akaifungua, akabadilisha fyuzi, ikawaka. Siku ya tatu nikafungua mlango nitoe sambaza kabla dakika hazijaisha, nikasikia "tap!", ikafa tena. Nikikumbuka vizuri, hata mara ya kwanza ilikuwa nafungua mlango. Sasa kijana anataka kuweka waya wa shaba mahali pa fyuzi ili isiungue tena. Nimwachie?

Jibu: Hapana, Mama. Huo waya usiukubali hata akikufanyia bure. Na umefanya vizuri kuitaja ile "tap", maana ndiyo inayoonyesha ugonjwa uko wapi.

Mtu wa Bukavu akiniambia maikrowevu imezima kabisa, kwa kawaida namuuliza kwanza habari za umeme. Ulikatika? Uliporudi, taa za nyumba ziliwaka kwa nguvu kupita kiasi? Namwambia achomeke pasi kwenye soketi ileile aone kama inapata moto, kwa sababu nimeshaletewa mashine nzima kutoka mbali kumbe soketi ndiyo iliyoungua. Lakini yako haikufa umeme uliporudi. Imekufa mara mbili mlango ukifunguliwa, na kwa fundi hilo lina maana moja karibu kila mara: swichi za mlango.

Nyuma ya kulabu za mlango kuna swichi ndogo, kwa kawaida tatu. Mbili zinapitisha umeme mlango ukifungwa na kuukata ukifunguliwa. Ya tatu inafanya kinyume: inaunganika mlango ukiwa wazi. Hii ni ya ulinzi. Siku swichi ya kwanza kati ya zile mbili ikiungua na vyuma vyake vya ndani vikagandana, haikati tena. Hapo ukifungua mlango, ya tatu inagonganisha nyaya mbili za umeme kwa makusudi ili fyuzi iungue palepale. Waliotengeneza mashine waliona ni heri ife kuliko iendelee kupika mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo, Mama, fyuzi yako haina kosa. Imefanya kazi yake mara mbili.

Sasa fikiria waya wa shaba mahali pake. Mlango unafunguliwa, nyaya zinagongana, na shaba haikatiki. Ukibahatika, umeme wa nyumba nzima unakatika. Usipobahatika, ile swichi ya ulinzi inaungua, na baada ya hapo swichi ya pili ikigandana nayo, hakuna kinachozuia tena. Niliwahi kuletewa maikrowevu ya namna hiyo. Nilipoondoa kifuniko nilikuta nyuzi tatu za shaba zimesokotwa mahali pa fyuzi, plastiki ya swichi ya ulinzi imeyeyuka na kuwa nyeusi kama ugoro. Niliipima bila kuichomeka, mlango ukiwa wazi: mita ikasoma njia nzima hadi kwenye transfoma, yaani kifaa kinachopandisha volti. Swichi mbili za kukata zilikuwa zimegandana zote. Ingechomekwa na kuwashwa, ingetoa mawimbi ya megahezi 2450, yaleyale yanayochemsha maji yaliyo ndani ya nyama, yakielekea moja kwa moja usoni pa aliyesimama mbele yake. Jicho ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu lenzi yake haina damu ya kupoza joto. Na anayechungulia maikrowevu kwa karibu mara nyingi ni mtoto.

Yanayofuata ni ya kijana wako. Wewe mwenyewe usifungue kifuniko.

Achomoe plagi kwanza. Kisha asiguse kitu mpaka amemaliza habari ya kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme. Transfoma ya humo inapandisha umeme hadi karibu volti 2000, kapasita na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) zinaufikisha karibu 4000, na kapasita inaweza kubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa mkononi. Nyingi zina kipinga cha ndani cha kuumaliza polepole, ila kikikatika huwezi kujua kwa macho. Asubiri dakika kadhaa, kisha kwa bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki agusishe ncha mbili za kapasita, halafu kila ncha na bodi ya chuma ya mashine, mkono mmoja ukiwa mgongoni. Mafundi wazoefu wamekufa hapo.

Baadaye achomoe nyaya za swichi, moja baada ya nyingine, huku akipiga picha kwa simu ili asichanganye. Apime kila swichi kwa mita huku akibonya kitufe chake. Zile mbili za kukata zinatakiwa kuunganika zikibonywa na kuachana zikiachiwa. Ya ulinzi iwe kinyume. Inayosoma kuunganika wakati wote ndiyo iliyogandana. Hata akikuta mbovu ni moja, abadilishe pamoja ile ya kwanza na ile ya ulinzi, kwa sababu zote mbili zimepitisha mshtuko uleule. Na awe makini dukani: zinafanana kwa umbo, lakini zina aina mbili. Ukiweka ya kuunganika mahali pa ya kinyume, fyuzi mpya inaungua dakika hiyohiyo, na wengi hapo wanaanza kulaumu transfoma. Asome maandishi ubavuni, pamoja na ampea 16 na volti 250.

Fyuzi irudi ya namba ileile iliyoandikwa karibu na kishikio chake, mara nyingi ampea 8 au 10 kwa mashine za volti 220. Isiongezwe.

Ikiungua tena mlango ukiwa umefungwa, mara tu unapobonya kuanza, basi ugonjwa uko upande wa umeme mkubwa: kapasita, dayodi au transfoma yenyewe. Hapo tafuta fundi mwenye uzoefu wa maikrowevu, si wa redio.

Ikipona, ipime nguvu kwa maji. Tia lita moja ya maji baridi kwenye bakuli la kioo, pima joto lake, washa dakika moja kwa nguvu yote, koroga, pima tena. Kila digrii iliyopanda ni kama wati 70. Ikipanda digrii 10, unapata wati 700 hivi. Fanya hivyo mchana, maana jioni wote wakiwasha majiko volti zinashuka, na maikrowevu inapoteza nguvu. Bugali likichelewa kupata moto saa moja ya usiku, si lazima mashine iwe mbovu.

Kilichoziunguza swichi zako umekitaja mwenyewe bila kujua: kufungua mlango dakika hazijaisha. Kila ukifanya hivyo, vyuma vya swichi vinaachana vikiwa na umeme mwingi, cheche inaruka, na polepole vinayeyukiana. Bonya kitufe cha kusimamisha kwanza, ndipo ufungue. Ukitaka stabilaiza, ile mashine ya kutuliza volti, ile ndogo ya televisheni haitoshi. Maikrowevu inayotoa wati 800 inavuta zaidi ya 1200 kwenye soketi, kwa hiyo tafuta ya VA 2000 au zaidi.

Kijana akimaliza, mwombe akupe swichi za zamani mkononi. Zifungue kwa kisu cha jikoni uangalie vyuma vya ndani. Kama vimeungana na vina weusi pembeni, utajua amebadilisha kilichokuwa kinaua fyuzi.